Kila Chama na Maiti Wake

Shoka lenyewe halikuwa na ajabu. La kupasulia kuni, mpini wa mpera, makali yamelika upande mmoja. Jirani yetu kule Wete, Pemba, aliliazima kwa ami yangu wiki moja kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1995, mwembe ulikuwa umeangukia banda lake la mbuzi. Kura zikapigwa. Dk. Salmin Amour wa chama tawala, CCM, akatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani, CUF, akapewa 49.8, na shoka halikurudi. Hakuna aliyeliiba. Ami alikuwa CUF, jirani CCM, na tangu siku ile kila mmoja akashika upande wake wa njia. Kulidai kungelazimu kusema naye; kulirejesha, vile vile. Wakaliacha hivyo hivyo miaka 14.

Nilikuwapo liliporudi. Ilikuwa Novemba 2009, baina ya magharibi na isha, nami nimekwenda Pemba kwa harusi. Jirani alisimama nje ya baraza, hakupanda, akatoa salamu. Shoka kalishika kichwa chini, kama mtu anayebeba kuku.

"Amana yako hii."

Ami akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaligeuza, akasema, "Mpini huu si wangu."

"Wako uliliwa na mchwa, Sheikh. Huu nimeutia mwenyewe."

Basi akakaribishwa kahawa. Siasa haikutajwa usiku ule, wala usiku wa pili yake.

Siku chache kabla, tarehe 5 Novemba, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikuwa wamekutana Ikulu mjini Unguja. Magazetini hiyo ndiyo siku ya Maridhiano. Barazani kwetu siku yenyewe ilikuwa ya shoka. Nalitaja kwa sababu kila ninaposoma au kusikia historia ya suluhu za visiwa hivi, naona imeandikwa kwa upande mmoja tu, upande wa viti: nani kapata cheo gani, kwa asilimia ngapi, mpaka lini. Upande wa waliokufa, na wa waliobaki wakiishi na misiba ile, haumo. Na kwa maoni yangu hapo ndipo kila muafaka wetu unapovunjikia mguu.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko vyama. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipofariki baharini mwaka 1856, ufalme ukabaki mikononi mwa watoto wawili, Thuwaini Muscat na Majid Unguja, na kila mmoja akiona chote ni chake. Mwaka 1859 Thuwaini akaandaa majahazi kuja kuipiga Unguja, Waingereza wakamrudisha. Mwaka huo huo mdogo wao, Barghash, akamwasi Majid, akajifungia na watu wake katika shamba la Marseilles, na hakutoka mpaka Waingereza walipomsaidia Majid kwa mizinga, akapelekwa Bombay. Kisha shauri zima likafikishwa kwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa India. Hukumu yake ya Aprili 1861 ilikuwa fupi: Majid abaki na Zanzibar, Thuwaini abaki na Muscat, na kwa kuwa Zanzibar ndiyo yenye neema zaidi, Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka.

Ugomvi wa ndugu ukatulia kwa msuluhishi wa nje, kwa kugawana viti na kwa fedha ya kila mwaka. Waliofia Marseilles hawamo katika hukumu ile. Ukiisoma leo utadhani walikuwa ndugu wawili waliokorofishana juu ya mirathi, na kadhi akawatenganisha.

Ukiishika karatasi hiyo mkono mmoja, na Muafaka wa kwanza wa CCM na CUF, wa Juni 1999, mkono wa pili, mwili utakusisimka. Safari hii msuluhishi alikuwa Jumuiya ya Madola. CUF, iliyokuwa ikisusia Baraza la Wawakilishi tangu 1995, irudi Barazani. Tume ya Uchaguzi itengenezwe upya, mahakama nazo ziangaliwe. Yote ni mambo ya maana, wala sibezi. Lakini siku saini zinatiwa, wana-CUF 18 walikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini, wengine tangu 1997, na baada ya saini walibaki humo humo. Walitoka Novemba 2000, uchaguzi mwengine umeshapita na kuharibika. Kilichowatoa hakikuwa muafaka. Mashtaka yalifutwa, na mwezi huo huo Mahakama ya Rufaa ilisema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Watu waliopigania hadhi ya Zanzibar wakapata utetezi wao katika hoja ya kwamba Zanzibar haina hadhi hiyo. Nilimsikia mzee mmoja Darajani akisema heri wangewaacha ndani. Alikuwa akitania, nadhani.

Halafu ikaja Januari 2001. Ijumaa tarehe 26 polisi walifyatua risasi kwenye msikiti wa Mwembetanga, mjini Unguja, na imamu akawa miongoni mwa waliouawa. Jumamosi tarehe 27 watu wakatoka kuandamana, wakitaka uchaguzi mpya na katiba mpya, Wete, Chake Chake, Micheweni na mjini Unguja. Risasi zikapigwa. Kule Micheweni askari polisi naye akauawa. Zaidi ya watu 2,000 wakavuka kwa mashua na ngalawa hadi Shimoni, pwani ya Kenya, na kwa mara ya kwanza nchi hii iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa inatoa wakimbizi. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikahesabu waliokufa 31. Human Rights Watch wakahesabu wasiopungua 35, na majeruhi zaidi ya 600.

Kati ya 31 na 35 pana watu wanne. Nyumba nzima, baba, mama na watoto wawili, ingeweza kuingia katika tofauti hiyo na isijulikane. Mimi nimezaliwa kisiwa kile, nimekwenda huko kila Idi niliyojaaliwa, na sijapata kuona kwa sheha wala ofisi ya wilaya orodha ya majina imebandikwa: hawa ndio waliofariki, huyu wa shehia fulani, mwana wa fulani.

Muafaka wa pili ukasainiwa tarehe 10 Oktoba 2001, Philip Mangula kwa CCM na Maalim Seif kwa CUF. Kwa haki, huu ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Haukuhitaji mgeni wa kuwashika mikono. Uliunda tume ya pamoja ya kuusimamia, ukaleta daftari la kudumu la wapiga kura, na tume ya Mbita yenyewe ni tunda lake. Mkataba uliofika karibu zaidi na makaburi ni huo. Ulifika, ukahesabu, ukageuka. Sijasikia kesi hata moja iliyofikishwa mahakamani juu ya risasi zile, na sijasikia kiongozi aliyesimama Micheweni akasema neno moja rahisi ambalo kila mtoto wa chuoni hufundishwa: nisameheni.

Wa tatu sina haja ya kuusimulia kwa urefu, kwani ulikufa kabla ya kuzaliwa, lakini tarehe zake zinachekesha kwa namna ya kuliza. Tarehe 28 Februari 2008, Nairobi, Kofi Annan aliwakalisha Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia saini ile ambayo Wakenya wenyewe waliiita serikali ya nusu mkate. Pembeni yao alikuwa Rais Jakaya Kikwete, mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule, na sifa alizopewa alizistahiki. Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Machi, Halmashauri Kuu ya chama chake ilikaa Butiama, ikaujadili mkate wa Zanzibar ambao wajumbe wa CCM na CUF walishaukanda zaidi ya mwaka, ikaona bora kwanza wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Mazungumzo yakafia hapo. Mganga hajigangi.

Lazima niseme ugomvi wetu ulikuwa wa namna gani, maana wageni hutafuta bunduki wasizione wakadhani tulikuwa salama. Hatukupigana miaka 16 kama Msumbiji. Silaha yetu kubwa Pemba ilikuwa kususiana. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi. Gari lake la abiria linaondoka tupu. Msikiti unagawika, kisima kinagawika, mwali anarudishwa kwao. Na mwisho wa yote ni mazikoni. Nilikuwa kijana mwaka 1998 nilipomwona mtu amesimama ukingoni mwa kaburi la mwana wa dada yake mwenyewe, mikono mitupu. Kila aliponyoosha mkono apokee jembe atie udongo, jembe lilipita kwa mwengine. Hakusukumwa, hakutukanwa. Jembe tu halikumfikia. Alisimama mpaka talkini ikaisha, akaondoka peke yake kwa njia ya mashambani.

Jamii inayojua kunyimana jembe namna hiyo haiponywi kwa cheo cha Makamu wa Rais.

Turudi 2009. Siku mbili baada ya kukutana na Karume, Maalim Seif alipanda jukwaani Kibandamaiti (jina la uwanja silibuni mie) akawaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Wakamzomea. Watu waliokuwa tayari kumfia walimzomea mbele ya macho yake. Aliwasubiri, akaendelea kueleza, na baada ya miezi michache wengi wao wakamfuata.

Mwenye kuijua sira hakushangaa. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaibiya, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoandikiana na Makureshi, mjumbe wao Suhail bin Amri alikataa jina liandikwe pamoja na "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Sayyidna Ali akaambiwa afute, akaona vizito, Mtume akafuta mwenyewe. Sayyidna Umar akaja juu: kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu? Na karatasi bado haijakunjwa, akatokea Abu Jandal anaburuta minyororo, kakimbia Makka, kasilimu, naye ni mtoto wa huyo huyo Suhail. Masharti yalisema anayetoka kwa Makureshi bila ya idhini arudishwe. Akarudishwa, huku akiwalilia Waislamu kwa sauti.

Mimbarini tumezoea kuisikia Hudaibiya kama somo la subira ya kiongozi, na wapenzi wa Maridhiano waliipenda kwa sababu hiyo. Mimi hunishika zaidi pale pa Abu Jandal. Suluhu ile ilikuwa na mtu iliyemuumiza, na mtu huyo ana jina. Alirudishwa mchana, mbele ya watu, akaambiwa avute subira na kwamba Mungu atampa faraja, na zaidi ya miaka 1,400 ya Hijria baadaye mtoto wa chuoni Micheweni anaweza kukutajia Abu Jandal na minyororo yake. Aliyelipa bei ya mkataba ule hakufichwa ili mkataba upendeze.

Sasa nitajie Abu Jandal wa Oktoba 2001.

Kuna nchi iliyojaribu njia yetu kwa makusudi na kwa akili nyingi, nayo ni Hispania. Franco alipokufa mwaka 1975, viongozi wa mrengo wa kulia na wa kushoto walikubaliana kutogusa yaliyotokea katika vita vyao vya 1936 hadi 1939 na baada yake. Sheria ya msamaha ya mwaka 1977 ikafunga mlango wa mashtaka, na wenyewe wakauita mpango huo mapatano ya kusahau. Wakagawana viti, wakaandika katiba, wakafanikiwa mno. Ukitaka kuwatetea wanaosema yaliyopita si ndwele, Hispania ndiyo shahidi wako mkubwa.

Ila mwaka 2000 mwandishi wa habari mmoja, Emilio Silva, alikwenda kijiji cha Priaranza del Bierzo kumtafuta babu yake, aliyepigwa risasi Oktoba 1936 na kufukiwa kando ya barabara pamoja na wenziwe 12. Wakachimba. Miili 13 ikatoka, na baadaye vipimo vya vinasaba vikamtambua babu. Ilikuwa imepita miaka 64. Aliyechimba hakuwa mtoto wa marehemu, alikuwa mjukuu, mtu aliyezaliwa muda mrefu baada ya vita. Baada ya kaburi hilo yakafuata mengine mengi nchi nzima, na Bunge likalazimika kutunga sheria ya kumbukumbu mwaka 2007, na nyengine mwaka 2022. Mapatano yao ya kusahau yalidumu muda wa kizazi kimoja. Kizazi cha pili hakikusaini.

Priaranza ilichimbwa Oktoba 2000. Miezi mitatu baadaye sisi tulikuwa tunazika Micheweni.

Najua jibu ambalo limeshakaa ulimini mwa msomaji, kwani nimelisikia tangu utoto: usifukue makaburi. Halisemwi na wenye hatia peke yao. Halisemwi na CCM peke yao. Bibi yangu, ambaye nduguye aliondoka 1964 kwa jahazi asirudi tena, alikuwa wa kwanza kulisema, na alikuwa akisema kwa huruma. Hoja yake ilikuwa nzito: ukianza kutaja, unaanzia wapi? Wa Afro-Shirazi, chama kilichoshika nchi baada ya Mapinduzi, ataanza na utumwa, au na Julai 1963, chama chake kilipopata zaidi ya nusu ya kura zote na viti 13 tu kati ya 31. Wa Hizbu, chama kilichopinduliwa, ataanza na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na mauaji yaliyofuata, ambayo mpaka leo makisio yake yanapishana kwa maelfu. Mwengine atataka tuanze Juni 1961. Wa CUF ataanza 2001. Kila mmoja ana tarehe yake ya kuanzia, na kila tarehe imechaguliwa ili msemaji awe ndiye aliyepigwa kwanza.

Ni kweli, na ndiyo maana sitaki mahakama. Rwanda walikuwa na gacaca zao, zilizofungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2. Msiba wao ulikuwa wa kiasi ambacho kisingekubali dawa ndogo. Afrika Kusini walikuwa na tume ya Askofu Desmond Tutu, muuaji anaketi anasimulia, na akisema kweli yote anaweza kusamehewa. Sisi tuna watu milioni 2 hivi wanaokutana sokoni kila siku. Muuaji akisimulia hapa, jioni atakutana na mtoto wa marehemu kwenye foleni ya mkate. Sidhani tunaliweza hilo, na sina hakika kama tunalihitaji.

Ninachokitaka ni kidogo zaidi, na kidini ni chepesi. Mazishi hayaulizi nani alianza. Maiti akifika msikitini, imamu haulizi marehemu alipigia nani kura. Huuliza jina lake, mwana wa nani, na kama ana deni. Hata diya, ambayo ni suluhu ya damu kwa sheria, haiwezi kutolewa bila ya marehemu kutajwa na mawalii wake, jamaa wenye haki ya damu yake, kukaa kitako. Huwezi kumlipia diya "mmoja kati ya 31".

Na hapa pana kisa cha 1961 cha kututahadharisha. Fujo za uchaguzi wa Juni mwaka ule ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, wengi huko mashamba. Mkoloni akaunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton, ikasikiliza mashahidi, ikatoa kitabu. Hesabu ilikuwapo, safi, imepigwa chapa. Miaka miwili na nusu baadaye yakatokea ya 1964. Waliohesabu hawakuwa na msiba, na wenye msiba hawakuhesabu. Kile kitabu kilikwenda London, na mashamba walibaki na kisasi. Kwa hiyo sisemi takwimu ndiyo dawa. Mbita alitupa takwimu.

Kila kongamano la amani hapa Unguja, mtu atasimama aseme sisi tunayo mila yetu, tunayo Mwaka Kogwa: watu wa Makunduchi wanapigana kwa mabua ya migomba, hasira za mwaka zinakwisha, wanakula pamoja. Naipenda Mwaka Kogwa, na wali wake pia. Lakini bua la mgomba haliui. Ninachoweza kuazima kutoka Makunduchi ni jambo moja, kwamba anayempiga mwenziwe anampiga hadharani, wanajuana kwa jina, na mji mzima unatazama.

Maridhiano ya 2009 yalikaribia hadhara hiyo, na ndiyo maana shoka lilirudi. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Kile kile ambacho Butiama kilitumiwa kuzuia mlango, sasa kikaufungua. Uchaguzi wa Oktoba ukaisha kwa Dk. Ali Mohamed Shein kupata 50.1 na Maalim Seif 49.1, pengo jembamba la kutosha kuchoma mji, na mji haukuungua. Maalim akayakubali matokeo Bwawani, akawa Makamu wa Kwanza. Wakati ule ami yangu alialikwa harusi tatu za watu wa CCM katika mwezi mmoja, akalalamika kwamba amani ina gharama ya kanzu.

Lakini swali la kura ya maoni lilikuwa la viti. Hakuna aliyeulizwa juu ya Januari 2001. Pengine wakubwa waliona kidonda kinakauka na kukigusa ni ujinga. Kikakauka juu juu. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote. Wa marudio ukafanyika Machi 2016, CUF ikasusa, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na kwa miaka minne na ushei kiti cha Makamu wa Kwanza kikawa hakina mtu. Katiba ilibaki ile ile na kifungu kile kile cha serikali ya pamoja. Wete nako, kususiana kukarudi kama ndege wa msimu, wanajua kila mti walipotaga.

Mwaka 2020 ndio unaonisumbua zaidi. Kabla ya siku ya kura tulisikia tena habari za risasi Pemba. ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif mwaka uliotangulia kwa wito wa shusha tanga pandisha tanga, kikasema watu wameuawa, polisi wakakana. Kura zikapigwa tarehe 28 Oktoba. Tarehe 8 Disemba Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais mpya, Dk. Hussein Mwinyi. Ni siku 41. Wenye misiba ndiyo kwanza wamesoma hitma ya arobaini, birika hazijarudishwa kwa wenyewe, na redioni wanasikia kiapo.

Simlaumu marehemu Maalim. Aliamini, na alisema wazi, kwamba bila ya kuingia serikalini watakufa wengi zaidi, na huenda aliona mbali kuliko sisi. Alifariki Februari 2021 akiwa ndani ya kiti hicho, akazikwa kwao Mtambwe, na mazikoni pake nilimwona waziri wa CCM akitia udongo kwa mikono. Jembe lilimfikia. Ninachouliza ni kwa nini mkataba wa Disemba haukuweza kusubiri mtu mmoja mwenye cheo, wa upande wowote, aende akakae jamvini kwenye nyumba zile, aseme jina la marehemu, atie ubani, kabla ya kwenda kuapa.

Serikali yetu inajua kusoma hitma. Kila tarehe 7 Aprili inasomwa Kisiwandui kumwombea Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa pale mwaka 1972, na viongozi wote hukaa chini wakaitikia. Upinzani nao una siku yake, tarehe 27 Januari, wanaomba kwa ajili ya watu wao. Kila chama na maiti wake, kila maiti na chama chake, kama kwamba kaburini huingiwa kwa kadi. Yule askari wa Micheweni anaombewa siku gani, na nani? Waliofia mashamba 1961? Walio baharini 1964? Hitma moja, majina yote yanayojulikana yakisomwa kwa herufi bila ya kutenganishwa, msomaji mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Haihitaji msuluhishi kutoka nje wala marekebisho ya Katiba. Inahitaji masheha wapite nyumba kwa nyumba na daftari, kazi ambayo wakati wa uchaguzi tunaona wanaiweza sana.

Idi ya 2024 nilikuwa Wete. Ami sasa ni mzee, haoni vizuri, kuni zake anapasuliwa na wajukuu. Nikamuuliza shoka liko wapi, maana nilitaka kulipiga picha.

"Liko kwake," akasema, akionesha ng'ambo ya njia kwa kidevu. "Kaliazima tena. Nimemwambia alirejeshe kabla ya kampeni."